Niache ugani nikawe mratibu wa mradi Arusha? Jibu kwa msomaji wa Moshi

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 34 na shahada ya kilimo. Kwa miaka saba nimekuwa afisa ugani wa kampuni binafsi ya kununua kahawa hapa Moshi. Mkataba wangu hauna ukomo, mshahara ni 1,600,000 kabla ya makato, na bado nakatwa mkopo wa elimu ya juu. Sasa shirika moja la Arusha limenipa nafasi ya mratibu wa mradi wa miche ya kahawa katika vijiji vya Arumeru na Hai. Mkataba ni wa miezi 18, mshahara 2,700,000 kabla ya makato. Wakati huohuo kuna watu wananihimiza nilipie kozi ya PMP, cheti cha usimamizi wa miradi, ya siku tano kwa 1,800,000, wanasema bila hicho cheti nitaonekana mbabaishaji. Mume wangu anafanya kazi Moshi na watoto wetu wawili wanasoma hapa. Nawapenda wakulima, ila nimechoka kurudia mambo yaleyale kila msimu. Rafiki zangu wanasema kwenye miradi ndiko kuna hela. Nihame? Na nianze na cheti au na kazi?"*

Dada, asante kwa kuweka namba mezani, maana wengi huuliza swali hili bila hata kutaja mshahara, na bila namba ushauri unabaki maneno matupu. Nianze na msimamo wangu ili usihangaike kuutafuta huko mbele: kozi ya 1,800,000 iache kwa sasa. Nafasi ya Arusha usiikatae, lakini usiikubali mpaka uwe umeona bajeti ya mradi na tarehe ya mwisho ya mkataba wa mfadhili. Katika kazi za miradi, anayemlipa mshahara wako mara nyingi si shirika lenye jina getini. Ni mstari mmoja kwenye bajeti ya mtu mwingine, na mstari huo una tarehe ya kufa.

Tuanze na hela, kwa kuwa ndiyo inayokuvuta na ndiyo inayopotosha wengi. Kwenye karatasi tofauti ni 1,100,000 kwa mwezi. Tuihesabu kwa viwango vya sasa, nikichukulia kwamba kiasi chote ulichotaja ni mshahara wa msingi. Leo unakatwa NSSF asilimia 10, yaani 160,000. Kinachobaki, 1,440,000, kinatozwa kodi ya mapato ya 260,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, yaani 240,000. Unapeleka nyumbani 940,000. Kwa mshahara mpya NSSF itachukua 270,000, kodi 557,000 kwa sababu kila shilingi inayozidi milioni moja inatozwa asilimia 30, na Bodi ya Mikopo 405,000. Mkononi inabaki 1,468,000. Ile milioni moja na laki moja imekuwa 528,000.

Toa sasa gharama za kuishi nyumba mbili. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Wapo wanaoenda na kurudi kila siku, lakini kwa mtu ambaye asubuhi anatakiwa awe kijijini mlima Meru na jioni awe ofisini akiandika, mwili utachoka ndani ya miezi mitatu. Ukipanga chumba, ukaweka nauli za kila wikiendi na chakula cha pembeni, tuseme 300,000 kwa mwezi, ziada halisi ni 228,000. Kwa miezi 18 hiyo ni 4,104,000. Mkataba ukiisha na ukakaa bila kazi, kila mwezi mmoja unapoteza zile 940,000 ambazo ungekuwa unazipata Moshi. Maana yake faida yote ya miezi 18 inafuta miezi minne na siku chache za kukaa bila kazi. Ukilipia na ile kozi, inafuta miezi miwili na nusu tu.

Simaanishi kwamba ofa ni mbaya. Michango yako NSSF itakuwa mikubwa zaidi, deni la mkopo litapungua kwa kasi, na kama ofisi yao iko Usa River au upande wa KIA, hesabu ya chumba na nauli inabadilika kabisa. Ulizia pia kama wanalipa kiinua mgongo mwisho wa mkataba, kwa sababu mashirika mengine hulipa na mengine hayalipi, na bima ya afya inawahusu wategemezi wangapi. Ninachotaka ukione ni kwamba mshahara pekee hautoshi kuwa sababu ya kuhama. Sababu lazima iwe kazi yenyewe na mlango utakaofunguka baada yake.

Sasa hiyo kazi yenyewe. Wengi wanadhani kusimamia mradi ni kufanya ile kazi unayoijua, ila sasa ukiwa bosi. Wewe ungedhani utakuwa afisa ugani mkubwa mwenye gari. Sivyo. Afisa ugani anawajibika kwa mkulima aelewe na mti uzae. Mratibu anawajibika kwa ahadi iliyokwisha kuandikwa na kusainiwa: vitu fulani, kwa kiasi fulani, kwa tarehe fulani, kwa fedha zisizozidi kiasi fulani, na ushahidi wa kuthibitisha kila kimoja. Kimoja kikisogea, vingine vyote vinasogea, na kazi yako ni kukiona kikisogea kabla hakijaanguka.

Chukua mradi huohuo waliokupa. Tuseme andiko la mradi linasema kazi inaanza Julai na kuisha Desemba ya mwaka unaofuata, wakulima wapewe miche 20,000 ya kahawa aina bora, na mafanikio yapimwe kwa asilimia 80 ya miche kuwa hai miezi sita baada ya kupandwa. Kwenye karatasi unasomeka vizuri kabisa. Lakini wewe unajua jambo ambalo huenda mwandishi wa andiko hakulijua: kutoka mbegu kuota hadi mche kuwa tayari kwa shamba ni miezi minane hadi kumi na miwili. Mkataba na mfadhili unasainiwa Julai, fedha ya kwanza inaingia akaunti ya shirika Septemba. Ukisia mbegu Septemba, mche wa mapema kabisa utakuwa tayari Mei, masika inaelekea ukingoni. Ukingoja vuli, utapanda Oktoba au Novemba, mwezi wa 16 au 17 wa mradi, na ile miezi sita ya kupima uhai wa miche itaangukia baada ya mradi kufungwa. Umefanya kazi yote, miche iko hai shambani, na kwenye taarifa unaandika kwamba kiashiria hakikufikiwa.

Njia iliyobaki ni kununua miche iliyokwisha kukua ili upande Machi, mwezi wa tisa. Hapo unakutana na bajeti. Mstari wa miche ulipangwa 600 kwa mche, jumla 12,000,000, kwa sababu walihesabu gharama ya kuzalisha kitaluni. Wenye vitalu wanauza 900. Unahitaji 18,000,000, una pengo la 6,000,000. Mikataba mingi huruhusu kuhamisha fedha kati ya mistari hadi asilimia 10 bila kuomba kibali, na asilimia 10 ya 12,000,000 ni 1,200,000 tu. Kwa hiyo lazima uandike barua ya kuomba marekebisho ya bajeti, ueleze fedha itoke wapi na kwa nini, usubiri jibu la maandishi, na wakati huo wenye vitalu wanauza miche kwa wengine. Bei nazo nilizotaja ni za mfano, lakini mpangilio wa tatizo ndio huohuo kila mara: kalenda ya fedha na kalenda ya mvua hazikupangwa na mtu mmoja.

Mratibu hodari angeligundua hilo wiki ya kwanza, Julai, kwa kupanga kazi kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kipimo cha uhai wa miche kinatakiwa Septemba ya mwaka wa pili kwa hiyo kupanda kuwe Machi, kwa hiyo mashimo yachimbwe Januari, kwa hiyo miche iwe imehesabiwa na kukaguliwa aina yake kitaluni mapema, kwa hiyo mikataba na wenye vitalu isainiwe Novemba, kwa hiyo taratibu za manunuzi zianze Septemba na barua ya bajeti iandikwe Agosti kabla hata fedha haijaingia. Ukisoma mnyororo huu na ukahisi hamu ya kuchukua kalamu, hiyo ni dalili nzuri kuliko cheti chochote. Ukihisi kichwa kinauma, pia umejifunza kitu, na umejifunza bure.

Upande wa pili ambao wageni wa kazi hii hawauoni ni karatasi za fedha. Tuseme umeandaa semina ya siku moja kijijini, wakulima 40, nauli 5,000 kila mmoja. Unachukua masurufu, yaani fedha ya kutumia kisha kuitolea hesabu, ya 200,000 kwa ajili ya nauli, na fedha nyingine kwa chakula. Jioni karatasi ya malipo ina saini 40. Karatasi ya mahudhurio ina majina 34. Chakula kimepikwa na mama lishe wa palepale, chakula kizuri, lakini hana mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi. Afisa wako wa uwanjani anaapa kwamba watu 40 walikuwepo, sita walichelewa. Huenda ni kweli kabisa. Miezi kumi baadaye mkaguzi anaziweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni na kuandika kwamba malipo ya watu sita hayana uthibitisho na gharama ya chakula haina risiti inayokubalika. Fedha hiyo mfadhili anaidai. Shirika dogo halina mfuko wa kuirudishia, kwa hiyo linaanza kubana kwingine, na jina linalotajwa kwenye kikao ni la mratibu aliyeidhinisha.

Kinga yake si ngumu, ila inataka mtu asiyechoka na vitu vidogo. Kaa na mhasibu kabla ya shughuli ya kwanza, mkubaliane ni ushahidi gani unahitajika kwa kila aina ya malipo. Palipo na uwezekano, nauli zilipwe kwa simu ili orodha ijiandike yenyewe. Mtafute mtoa huduma ya chakula mwenye EFD, au mpate kibali cha maandishi cha namna ya kulipa asiye nayo. Marejesho ya masurufu yafanyike ndani ya siku zilizowekwa, na asiyerejesha asipewe mengine, hata kama ni rafiki yako na kesho ana safari. Hapo ndipo wengi waliopanda kutoka uwanjani huanguka. Si kwa wizi. Ni kwa huruma na haraka.

Kosa jingine la watu wa aina yako, na nakuambia kwa kuwa nguvu yako ndiyo hatari yako, ni kuendelea kufanya ugani. Ukifika kijijini na kumkuta afisa wako anafundisha kupogoa vibaya, mkono utawasha. Utachukua mkasi, utafundisha mwenyewe vizuri sana, na taarifa ya robo mwaka itachelewa siku kumi. Mratibu anamrekebisha afisa pembeni, anapanga siku ya mafunzo yake, anarudi kwenye gari. Kwa mtu anayependa wakulima hilo linaweza kuwa upweke wa kweli. Utawaona wakulima kwa mbali zaidi, kupitia takwimu, wenyeviti wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika), watendaji wa vijiji na ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Kama kilichokuchosha ni kurudia masomo yaleyale, kazi mpya itakuponya. Kama kinachokupa nguvu asubuhi ni kusimama katikati ya shamba na mtu anayekusikiliza, fikiri mara mbili.

Usinisadiki kwa maneno, jipime. Tangu leo hadi utakapotoa jibu, chukua jambo moja kazini kwako lenye mwanzo na mwisho, kwa mfano maandalizi ya ukaguzi wa uthibitisho (certification) wa wakulima au kukusanya takwimu za miti kabla ya mavuno ya Julai. Andika ukurasa mmoja: nini kitakabidhiwa, lini, kwa nani, na nini hakimo. Orodhesha kazi zote na mbele ya kila kazi andika kazi ipi lazima iishe kabla yake. Weka gharama. Andika mambo matano yanayoweza kuharibika, na mbele ya kila moja mtu wa kulishughulikia kwa jina. Kisha kila Ijumaa andika aya tatu kwa bosi wako: kilichofanyika, kilichochelewa na sababu, unachohitaji aamue. Wiki nne zinatosha. Utajua kama Ijumaa unaikimbilia au unaikimbia. Na karatasi hizo ni mtaji: kwenye usaili mmoja ujao utaweka mezani mpangokazi wa kweli, wakati wenzako wanaweka vyeti.

Tuje kwenye cheti, maana hapo kuna upotoshaji unaowala watu fedha. Kuhudhuria kozi ya PMP hakukupi PMP. Hicho ni cheti cha Project Management Institute ya Marekani, na kukipata lazima ukidhi masharti kwanza, kisha ufaulu mtihani wao, ambao ada yake hulipwa kwa dola na kwa kawaida haimo ndani ya bei ya kozi. Kwa mwenye shahada kama wewe sharti ni miezi 36 ya kuongoza miradi ndani ya miaka ya karibuni, pamoja na saa 35 za mafunzo. Kozi ya siku tano inatimiza zile saa 35 tu. Ukitoka nayo una karatasi ya mahudhurio, na waajiri wanaojua wataitofautisha mara moja.

Habari njema ni kwamba miezi 36 haihesabiwi kwa cheo. Inahesabiwa kwa kazi. Kama uliongoza ujenzi wa vitalu vya wakulima, au kampeni ya uthibitisho iliyokuwa na malengo, muda na bajeti, miezi hiyo unaweza kuidai, ilimradi uweze kueleza jukumu lako na awepo mtu wa kuithibitisha. Miradi miwili iliyokwenda kwa wakati mmoja haihesabiwi mara mbili kwa miezi ileile. Ugani wa kawaida wa kila siku hauingii. Kaa chini uhesabu, na nahisi utapata zaidi ya mwaka mmoja, labda miwili.

Kwa sasa, kilicho karibu na kazi uliyopewa ni cheti cha Project DPro (zamani PMD Pro), ambacho kilitengenezwa mahsusi kwa miradi ya maendeleo. Ngazi yake ya mwanzo haidai uzoefu, na kitabu cha mwongozo kinapatikana bure kwenye tovuti ya PM4NGOs. Kisome hata kama hutafanya mtihani, kwa sababu lugha iliyomo ndiyo utakayoikuta kwenye mikataba ya wafadhili. Cheti cha CAPM, cha ngazi ya chini, cha hao hao wa PMP kinahitaji elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo. PRINCE2 ngazi ya msingi haina sharti la uzoefu, na asili yake ni Uingereza. Hiyo itakufaa zaidi ukikutana na waajiri wanaoitaja kwenye matangazo. Ukitaka kukaa darasani, Arusha una bahati: chuo cha menejimenti cha ESAMI kipo, Chuo cha Uhasibu kipo, na kituo cha mafunzo cha MS-TCDC pale Usa River wamefundisha watu wa mashirika kwa miaka mingi. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika. Ulizia kozi fupi ya usimamizi wa fedha za miradi au ya ufuatiliaji na tathmini kabla ya kozi yenye jina kubwa, kwa kuwa pengo lako liko hapo, si kwenye kilimo. Kwa kozi yoyote ya shahada, hakikisha kwanza ithibati yake Tume ya Vyuo Vikuu (TCU).

Kuna wanaosema pia kwamba ukishakuwa meneja wa miradi unaweza kwenda sekta yoyote. Kwa sehemu ni kweli, ila si kwa kiasi wanachokiuza. Arusha ina ujenzi mwingi, ukiwemo uwanja unaojengwa kwa ajili ya AFCON 2027, lakini miradi ya ujenzi huongozwa na wahandisi na wakadiriaji majenzi waliosajiliwa. Huko huna mlango, na hakuna cheti cha usimamizi kitakachoufungua. Miradi ya tiba na utafiti inayozunguka hospitali ya KCMC inataka watu wa afya. Mlango wako ni kilimo, ushirika, mazingira, na miradi ya taasisi za utafiti wa kilimo. Ni mlango mpana, na mtu anayejua kahawa kwa mikono yake na pia anajua kusoma bajeti si rahisi kupatikana. Kwenye hilo una thamani kubwa kuliko unavyojiona.

Sasa hatari kubwa kuliko zote, ambayo haitegemei bidii yako. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huohuo USAID ilikoma kuendesha programu zake. Watu waliokuwa wakifanya kazi vizuri, wenye taarifa safi, walisimamishwa kwa barua pepe katikati ya mikataba. Hawakukosea chochote. Ndiyo maana nakusisitiza uulize, kwa upole na bila woga, maswali haya kabla ya kusaini: mfadhili ni nani, ameshasaini au bado ni ahadi? Mkataba wake na shirika unaisha tarehe gani? Mshahara wangu unalipwa asilimia 100 na mradi huu, au umegawanywa kwenye miradi miwili au mitatu? Nafasi iliyogawanywa ni imara zaidi, kwa kuwa mfadhili mmoja akiondoka hauanguki wote. Mradi umeshaanza? Kama mkataba wao wa miezi 24 umeshaliwa miezi sita na wewe unaletwa sasa, unarithi ucheleweshaji wa mtu. Uliza aliyekuwepo kabla yako aliondoka kwa nini, na omba uzungumze naye. Shirika linaloficha majibu haya linakujibu kwa kuficha.

Lipo na suala la kisheria. Kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja halindwi na masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki. Leo una miaka saba ya ulinzi huo. Ukihama unaanza sifuri. Mkataba wa muda maalumu nao huisha tarehe yake ikifika, bila shirika kuhitaji kukupa sababu, na "tutaongeza tu" ya mdomo si kitu cha kutegemea. Omba kifungu kinachosema nini kitatokea mfadhili akisitisha fedha: notisi ya siku ngapi, malipo gani. NSSF kuna fao la upotevu wa ajira, lakini anayeacha kazi mwenyewe halipati, na lina masharti ya muda wa uchangiaji. Nenda ofisi yao ya Moshi na kitambulisho chako, wakuoneshe taarifa ya michango yako na wakueleze hali yako itakuwaje mkataba wa miezi 18 ukiisha. Nusu saa inatosha.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja. Kampuni yako inanunua kahawa, na wanunuzi wa nje wanadai ufuatiliaji wa mashamba kwa ramani, uthibitisho na taarifa za mazingira. Hiyo yote ni miradi, na mahali pengi haina mwenyewe. Inafanywa na kila mtu kidogo kidogo. Mwendee meneja wako na ule ukurasa mmoja uliouandika, uombe kuiongoza rasmi, kwa barua, ikiwa na bajeti yake. Wakikubali, utakuwa unakusanya miezi yako ya uzoefu ukiwa nyumbani na watoto, kwenye mkataba usio na ukomo. Wakikataa, umepata jibu kuhusu mustakabali wako hapo. Kwa hali yako ya sasa, na watoto wawili shuleni, mimi ningependa ujaribu mlango huu kwanza iwapo shirika la Arusha linaweza kukupa wiki mbili za kufikiri.

Lakini zikitimia hizi, nenda: mfadhili amesaini na amebakiza si chini ya miezi 18, kuna kifungu cha notisi, una akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi mitano, au mume wako anaweza kuibeba nyumba kwa muda huo bila kukopa, na kalenda ile ya miche ilikuvutia badala ya kukuchosha. Miezi 18 ya kuongoza mradi kwa jina lako, ukaufunga vizuri kwa taarifa ya mwisho na ukaguzi safi, itakufungulia nafasi ya meneja ambayo kampuni ya kahawa haitakupa kwa miaka mingi. Uamuzi huu ufanyeni wawili, karatasi ya hesabu ikiwa katikati yenu, maana chumba cha Arusha kina gharama nyingine ya jioni za watoto, ambayo mimi siwezi kuihesabu.

Kabla ya kusaini, mpe mwanasheria mkataba ausome, au uupeleke kwa afisa kazi wa mkoa. Ukikuta maneno yanayokuruhusu kuondolewa "wakati wowote" au mshahara usiotenganisha msingi na posho, rudi kwao wayarekebishe kwanza. Na likitokea baadaye ukaachishwa kwa namna usiyoielewa, usikae ukilalamika kwa marafiki: malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Notisi kwa mwajiri wako wa sasa usiitoe kwa ahadi ya simu wala kwa barua pepe ya pongezi. Subiri mkataba mpya uwe umesainiwa na pande zote mbili na nakala iko mkononi mwako. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28. Angalia kama mkataba wako unataka zaidi. Tumia siku hizo kukabidhi orodha za wakulima, vitalu na madeni ya miche kwa maandishi, na uombe barua inayoeleza ulichokiongoza, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani. Hiyo barua ndiyo utakayoihitaji siku utakapojaza fomu ya PMP.